Chuma Kilichobeba Mizani

Zubairi hakuwa mtu wa kufungua boneti. Alikuwa na duka la sukari na sabuni mjini Mbarara, na magari aliyanunua kama watu wa kwao wanavyonunua ng'ombe: aliangalia meno, akalipa, akamkabidhi mchungaji. Mchungaji wa ile Starlet nyeupe alikuwa Ushindi, Mbembe kutoka Fizi, ng'ambo ya mpaka, mtu wa makamo aliyekaa Juru ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kazi yake ilikuwa kutoa abiria Base Camp, kituo kikuu cha makazi hayo, kuwafikisha Mbarara, na kuwarudisha jioni wakiwa na magunia yao.

Ijumaa moja ya mwaka 2009, gari ilikataa kuwaka nje ya msikiti. Ushindi akafungua boneti asugue vichwa vya betri. Zubairi, aliyekuwa ametoka kuswali, akaja akasimama kando yake mikono nyuma, akatazama ndani kwa muda.

"Ushindi, ile chuma nyekundu iko wapi?"

"Chuma gani, Hajji?"

"Ile ilikuwa hapa juu. Inatoka huku inakwenda kule."

Alionyesha kwa kidole vile vichwa viwili vya shokapu, kushoto na kulia, mahali shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi kwa nati tatu tatu. Gari ilipokuja, kulikuwa na chuma kilichokingama kutoka kichwa hiki hadi kile, juu ya injini, kama mtambaapanya unavyoshika kuta mbili za nyumba zisiachane. Ushindi alikikumbuka vizuri.

"Ni miye nilikitoa, Hajji. Anselme alikuwa anatengeneza moteri, kile chuma kikamuzuia mukono. Kiisha tukaona gari inatembea tu bila yake. Tukakiacha."

Zubairi hakukasirika. Sauti yake ilibaki ile ile ya kuuliza bei.

"Hii gari ilikuwa ya mtoto wa dada yangu. Aligonga nayo, huu upande wa kushoto. Fundi akachomelea, akaweka hiyo chuma ishike. Mtoto akaniambia, Hajji, hiyo usitoe. Mimi sikukwambia, na wewe umetoa. Sasa rudisha."

"Nitarudisha."

"Basi," akasema Zubairi, akaenda zake dukani.

Njiani kurudi Nakivale, Ushindi alisikiliza gari kuliko siku zote. Kwa miezi kadhaa ilikuwa ikilia kila alipokata kona, mlio mkavu kama kiti cha miti kilichokaliwa na mtu mnene, na tairi la kushoto la mbele lilikuwa likilika upande. Alikuwa ameyaona yote mawili akasema haina neno. Hivyo ndivyo alivyoishi tangu avuke mpaka. Mambo mengi yalikuwa hayana neno. Abiria walimpenda kwa sababu hakuuliza mtu anakwenda wapi kufanya nini, wala hakusimulia ya kwake. Alipakia, alishusha, alilala.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Anselme, fundi aliyekuwa na kibanda cha mabati nyuma ya maduka ya Base Camp.

"Ile chuma nyekundu?" Anselme akajikuna shingo. "Ee, ndugu yangu. Nilimupa mama Mukandoli. Aliniletea viazi."

"Anafanyia nini?"

"Nenda sokoni, utaiona."

Na kweli alikiona kabla hajafika. Mukandoli alikuwa mwanamke mrefu wa Kinyamulenge, mjane, aliyenunua maharage ya wakulima wa Juru na kuyauza kwa wenye malori. Mahali pake palikuwa na nguzo mbili za mti zilizosimikwa ardhini, na juu yake, kikiwa kimepigiliwa misumari kupitia matundu yale yale ya nati, kilikingama chuma chekundu cha Starlet. Katikati yake ulining'inia mzani wa ndoana, na chini ya mzani kipande cha turubai kilichobeba maharage ya mama mmoja. Mama mwingine alingoja zamu yake na ndoo kichwani.

"Jambo, mama Mukandoli."

"Jambo, shofere."

"Hii chuma ni ya gari yangu."

Mukandoli hakuondoa macho kwenye mshale wa mzani. "Ilikuwa."

"Patron, mwenye gari, anaitaka."

"Patron wako alikuwa wapi wakati inalala mu vumbi kwa Anselme? Nilipita pale siku mingi, ninaiona tu. Nikauliza, hii ni ya nani? Anselme akasema, haiko ya mutu, shofere alisema ni muzigo ya bure."

Mama mwenye ndoo akacheka. Ndivyo Ushindi alivyokuwa amesema.

"Nitakuletea ingine fasi yake," akasema.

"Leta. Tutaona."

Akaleta mti wa mkaratusi, mnyoofu, alioukata mwenyewe na kuumenya. Mukandoli akauweka juu ya nguzo, akatundika mzani, akapakia gunia. Mti ukapinda kama mgongo wa paka, na mshale ukawa unachezacheza usitulie.

"Batu watasema ninabaibia," akasema, akamrudishia mti wake.

Wiki iliyofuata Ushindi akaja na kipande cha bomba la maji, la chuma kizito, alichokipata Mbarara kwa wauza vyuma chakavu. Mukandoli akaligonga kwa jiwe akisikiliza. Kisha akaliweka juu ya nguzo, akalishika kwa mikono miwili, na mbele ya soko zima akainua miguu yake yote miwili kutoka ardhini. Akaning'inia hapo kidogo, mrefu vile, kitenge kikiyumba. Bomba halikusogea. Akashuka, akajipangusa viganja.

"Hii inaweza. Sasa sikia. Chuma yako utachukua, lakini utanipeleka Oruchinga, siku ya Mungu inayokuja. Kwenda na kurudi."

Oruchinga ni makazi mengine ya wakimbizi, madogo, katika wilaya ile ile ya Isingiro ilimo Nakivale. Haikuwa njia ya Ushindi. Mtu yeyote angeuliza, Oruchinga kuna nini? Ushindi akasema sawa, akaanza kung'oa misumari.

Mchana huo huo, yeye na Anselme wakakirudisha chuma mahali pake. Kilikuwa na sehemu tatu: bamba mbili za kukaa juu ya vichwa vya shokapu, na fimbo ya katikati yenye meno ya skrubu huku na huku, kiasi kwamba ukiizungusha upande mmoja inarefuka, na upande wa pili inafupika. Anselme akainua pua ya gari kwa jeki. Alisema miguu ya gari ipumzike kwanza. Akafungua nati tatu za kila upande. Ile nati kubwa ya katikati hakuigusa.

"Hii ukifungua, springi itakurukia mu macho," akasema. Hilo alilijua.

Wakasugua kutu, wakapachika bamba, wakafunga nati. Kisha Anselme akashika fimbo kwa spana ya bomba akaanza kuirefusha. Fimbo ikabana. Akaendelea.

"Haitoshi?" akauliza Ushindi.

"Chuma yenye kulegea ina faida gani? Kaza mpaka ikatae."

Wakaipokezana mpaka ikakataa kabisa. Wakafunga nati za kuizuia isijizungushe, wakashusha jeki. Gari ilipokanyaga chini ilitoa mlio mmoja, *ta*, kama kidole kinachovunjwa, ikanyamaza. Boneti ikafungika vizuri. Ushindi akanawa mikono akijiona amemaliza deni lake kwa Zubairi.

Kesho yake alipakia watu wanne na kuku. Mwendo wa kwanza tu akahisi usukani unavutwa kushoto, kidogo, kama mtoto anayekushika shati. Akadhani ni upepo. Baadaye akadhani ni tairi, akasimama, akalipiga teke, halikuwa limepungua. Akaendelea. Kila alipolegeza mkono, gari ilitafuta mtaro. Mlio wa kwenye kona ulikuwa umekwisha, na kwa hilo alijipa moyo.

Kwenye mteremko wa Kaberebere walikutana na lori la ndizi za matoke likipanda katikati ya barabara, kama kawaida ya malori ya matoke. Ushindi akalipisha, kama kawaida yake, kwa kusogeza usukani kushoto kiasi cha upana wa kiganja. Gari ikaenda zaidi ya alivyoiambia. Changarawe ikateleza chini ya tairi, magurudumu mawili ya kushoto yakaingia mtaroni, na gari ikalala upande ikiburuta tumbo mpaka iliposimama. Lori likapita na vumbi lake bila kupunguza mwendo.

Hakuna aliyeumia. Mama mmoja aliyekaa nyuma alisema "Yesu," kwa sauti ya chini, mara moja. Kuku mmoja alikuwa amepanda begani kwa mzee wa mbele, na mzee akamwacha hapo mpaka vumbi lilipotulia. Kisha wanaume wakashuka upande wa juu, wakasukuma, Starlet ikatoka mtaroni ikiwa na mkwaruzo tumboni. Wote wakapanda tena. Hakuna aliyemlaumu. Ushindi aliona kwenye kioo kwamba yule mama ameshika mlango kwa mikono miwili, akaushika hivyo hivyo hadi Mbarara.

Hilo lilimkaa rohoni kuliko mtaro wenyewe. Kwa miaka yote ya kubeba watu, hakuwahi kuona mtu akishika mlango wake namna ile.

Aliposhusha watu alikwenda moja kwa moja kwa Kamaldin, fundi wa magari ya Zubairi. Kamaldin alikuwa na karakana yenye sakafu ya saruji nje kidogo ya mji. Mfupi, kofia ya kufuma kichwani, mpole wa maneno. Hakufungua boneti kwanza. Alirudi nyuma hatua chache, akachuchumaa mbele ya gari, akafumba jicho moja.

"Mguu wa kushoto umetupa nje, sebo," akasema. "Tazama tairi. Kichwa yake inaangalia huko."

Ushindi akachuchumaa. Kweli, tairi la kulia lilisimama wima na la kushoto liliegemea nje kwa juu, kama mtu anayemsogelea jirani amsikilize.

Kamaldin akafungua boneti, akashika fimbo nyekundu, akajaribu kuitikisa. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Hii nani alikaza?"

"Ni miye na rafiki."

"Gari ilikuwa chini ama juu ya jeki?"

"Juu ya jeki."

"Na mkakaza mpaka mwisho."

"Mpaka ikakataa."

Kamaldin akaitikia kwa kichwa. "Ikikuwa juu ya jeki, mwili wa gari hauko sawa na ule wa barabarani. Halafu mkasukuma. Upande wa kulia ni mzima, ukakataa. Upande wa kushoto umechomelewa, ukakubali. Sasa unavuta gari kwenda huko. Hii kazi yake ni kushika tu. Nyinyi mliitumia kama jeki."

Alisema hivyo bila kucheka, akachukua tambara akapangusa kichwa cha shokapu cha kushoto. Chini ya uchafu, pembeni mwa kovu la zamani la kuchomelea, rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama unywele. Ushindi akaupitishia ukucha.

"Hii ni ya leo?"

"Nyingine ya leo, nyingine ya zamani. Ilikuwa inatembea bila chuma muda mrefu?"

"Muda."

"Ee," akasema Kamaldin, basi.

Kwanza waliondoa chuma, gari ikipumzika kwa magurudumu yake manne juu ya saruji. Kamaldin akachomelea ule ufa na kuupa kiraka cha bati nene. Kilipopoa, akapanda kwenye bampa akairusha gari juu na chini mara kadhaa ili miguu ikae mahali pake. Akafunga uzi kwenye nati nzito, akauning'iniza mbele ya tairi la kushoto, kisha la kulia, akalinganisha. Akasogeza alipoona pa kusogeza, akapima tena. Hapo ndipo aliporudisha zile bamba na fimbo, akampa Ushindi nafasi.

"Zungusha wewe. Vidole tu, spana weka chini."

Ushindi akazungusha. Fimbo ilikuwa ikicheza, ikapungua kucheza, ikaacha.

"Umesikia imegusa?"

"Imegusa."

"Ongeza kidogo. Kama unafunga chupa ya maziwa ya mtoto, ambayo mama yake atakuja kufungua."

Ushindi akaongeza kidogo. Mkono wake ulitaka kuendelea, akauzuia.

"Basi. Sasa shika hapo isizunguke, mimi nafunga nati za pembeni."

Walipotoka kuijaribu, Kamaldin alimwambia aachie usukani mahali penye barabara tupu. Ushindi akauachia, mikono ikiwa tayari hewani. Gari ikaenda mbele tu. Walipita mbele ya mwanamke aliyeanika nguo uani na mbuzi waliofungwa kamba, na gari ikaenda mbele tu, mpaka Kamaldin akasema, "Shika sasa, mimi bado nataka kuishi."

Zubairi alipoambiwa kisa cha mtaro, alitaka kujua kitu kimoja: kama watu walikuwa wazima. Walikuwa wazima. Akarudi kwenye sukari yake.

Jumapili, hiyo siku ya Mungu, ilipofika, Ushindi alimkuta Mukandoli barabarani akiwa amekwisha kujiandaa, amevaa vitenge vya kanisani, na fungu la kitambaa kipya kwapani. Akakaa kiti cha mbele. Wakaondoka. Barabara ilikuwa ya mawimbi mawimbi, mvua ikiwa imeisha majuzi, na migomba ilisimama pande zote mbili ikiwa na vumbi jekundu upande wa barabara na kijani upande wa pili.

"Hauulize?" akasema Mukandoli mwishowe.

"Hapana."

"Basi nitakuambia bila kuuliza. Pale Oruchinga kuna dada yangu, Mukamazimpaka. Mama yetu alikuwa anakaa kwake. Mama akafariki. Dada akamutuma mutu na baiskeli aniletee habari Nakivale. Yule mutu akalala njiani, sijui alikunywa, sijui baiskeli ilikufa. Nikafika kesho yake, wamekwisha kumuzika. Nikaona udongo tu. Sikukaa. Sikukunywa hata maji. Niligeuka palepale, na huu ni mwaka wa ine."

Ushindi akapunguza mwendo kupita shimo.

"Na leo?"

Ilimtoka mwenyewe. Mukandoli akamtazama.

"Leo ninaenda kuona fasi mama analala. Dada akiwa pale, sawa. Asipokuwa, sawa."

Mukamazimpaka alikuwa pale. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya udongo akichagua maharage kwenye ungo, mfupi kuliko mdogo wake na mzito zaidi, na alipoona nani anashuka kwenye gari aliuweka ungo chini polepole asimwage. Wakasalimiana kwa mbali. Kisha wakaanza kusema Kinyamulenge, lugha ambayo Ushindi aliijua maneno ya sokoni tu. Akabaki ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje.

Hakuelewa walichosema. Neno pekee alilolishika lilikuwa *mama*, na lilirudi mara nyingi. Sauti zilianza chini, zikapanda. Mukamazimpaka alinyoosha mkono kuonyesha barabara. Mukandoli alinyoosha wake kuonyesha migomba nyuma ya nyumba. Wakasema wote kwa pamoja, wakanyamaza wote kwa pamoja, na mara Mukandoli akageuka akaja na lile fungu lake la kitambaa bado kwapani, akaingia, akafunga mlango.

"Twende."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Ushindi. Kazi yake ilikuwa rahisi: mtu akisema twende, unakwenda. Ndivyo alivyofanya miaka yote, kwa wagonjwa, kwa maharusi, kwa waliofukuzwa. Aliutazama ufunguo.

"Gari imepata moto," akasema. "Tungoje kidogo."

"Tumekuja polepole."

"Imepata moto, mama. Tukiiwasha sasa, moteri itakufa."

Akashuka, akafungua boneti, akasimama nyuma yake ambapo uso wake haukuonekana. Akagusa rejeta kwa kiganja. Ilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa zamani. Akachungulia maji, yakiwa yamejaa. Alikuwa hajui atafanya nini baada ya hapo. Akashika nati moja baada ya nyingine kana kwamba anazikagua, akafika ya mwisho, akaanza upya.

Aliposikia nyayo aliinua kichwa. Mukamazimpaka alikuwa amesimama kando ya gari, kikombe cha maziwa mkono mmoja na sahani ya viazi vitamu mkono wa pili. Akazungumza Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha mbele.

"Shofere, kula. Hakuna mutu anafika kwangu akarudia na njaa. Hata kama yule amekuleta hataki kukaa kwangu, wewe hauna kosa."

"Aksanti, mama."

Ushindi akakaa juu ya jiwe akala. Alikula kwa utaratibu ambao hakuwahi kuutumia kwa kiazi chochote. Alimenya kila kimoja mpaka kikabaki cheupe, akatafuna, akanywa maziwa kwa mafundo madogo. Mukamazimpaka hakuondoka. Alisimama kwenye dirisha la Mukandoli, mkono juu ya paa la gari. Baadaye akasema sentensi moja kwa lugha yao. Akasema nyingine, ndefu zaidi, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa.

Mlango ukafunguka. Mukandoli akatoka, na lile fungu. Wanawake wawili wakapita mbele ya Ushindi kana kwamba hayupo, wakazunguka nyumba, wakaingia kwenye migomba, mfupi mbele na mrefu nyuma.

Ushindi akamaliza viazi. Akafunga boneti. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimemfikia miguuni waliporudi, wote mikono ina udongo mpaka vifundoni, kwa kuwa kaburi lilikuwa limeota majani na walikuwa wameyang'oa. Mukamazimpaka alikuwa amejitanda kile kitambaa kipya mabegani. Waliketi mbele ya nyumba, wakanywa maziwa kwenye kikombe kimoja, na wakamwita Ushindi naye aje akae kwenye kiti kama mtu.

Kurudi waliondoka jua likielekea milimani. Mukandoli alikuwa na mkungu wa ndizi miguuni na mkungu mwingine kiti cha nyuma. Walipofika barabara kubwa akasema:

"Gari haikupata moto."

"Hapana."

"Nani alikufundisha kudanganya na sura kavu hivyo?"

"Polisi wa barabarani."

Mukandoli akacheka, kicheko kifupi, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Unajua ameniambia nini? Siku ile alikaa barabarani toka asubuhi mpaka jua likazama, ananingojea. Batu wa pale wakamwambia, joto ni mingi, maiti haingoji. Akakataa. Wakamuzika wakati yeye bado iko barabarani. Hata yeye hakuona." Akasogeza ndizi miguuni. "Miaka ine nilikuwa ninafikiri aliona na mimi sikuona. Siku ile ningekaa, angeniambia. Sikukaa."

Ushindi akabadili gia kupanda kilima.

"Leo umekaa," akasema.

"Ni wewe ulinikalisha."

"Ni viazi."

Alimshusha kwake giza likianza kuingia, akambebea ndizi hadi mlangoni. Mukandoli akamuuliza kama na yeye ana mtu huko Fizi. Ushindi akajibu kwamba ana kaka, kama bado yuko, na akasimama hapo mlangoni akimsimulia habari za huyo kaka kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, wakati taa za nyumba za jirani zikiwashwa moja moja.

Mwaka uliofuata Zubairi aliiuza ile Starlet kwa mwalimu mmoja wa Ntungamo, ikiwa inakwenda sawa, na Ushindi akapewa Corolla. Mukandoli aliendelea na maharage yake. Kila baada ya mavuno alikwenda Oruchinga, mara nyingine kwa Corolla, mara nyingine nyuma ya baiskeli ya mtu, na msimu mmoja Mukamazimpaka ndiye aliyekuja Nakivale, akakaa mwezi mzima akilalamikia maji ya huko. Ushindi alianza kuwauliza abiria wake wanakwenda wapi. Wengine walimjibu kwa kirefu, wengine wakamwambia atazame barabara.